Deni la Chuo na Mshahara wa Kesho

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Kina mama watatu, kila mmoja kwa wakati wake, wametuletea suali ambalo kwa asili yake ni moja. Binti amefaulu mtihani wa kidato cha nne kwa alama ya C+ au zaidi, ameitwa chuo kikuu Nairobi kusomea usimamizi wa rasilimali watu, na barua imekuja na hesabu yake: kiasi hiki cha serikali, kiasi hiki cha mkopo, kiasi hiki cha nyumbani. Mama wa kwanza auliza kama mkopo wa HELB ni halali. Wa pili auliza kama auze bangili zake ili mwanawe asikope. Wa tatu, na huyu ndiye aliyetufanya tushike kalamu, hakuuliza juu ya kukopa kwa kuwa hayo yamekwisha kupita. Binti yake amehitimu, anadaiwa, na sasa kuna watu wamekuja kuposa.

Tutatanguliza hesabu kabla ya hukumu, kwani mafakihi wametufundisha kuwa jambo halihukumiwi mpaka sura yake ijulikane.

Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ambayo wengi wetu twaijua kwa jina la HELB, iliundwa kwa sheria mwaka 1995, ingawa serikali ilikuwa ikiwakopesha wanafunzi wa chuo kikuu tangu mwaka 1974. Ofisi zake ziko Anniversary Towers, katika barabara ya University Way, katikati ya jiji la Nairobi. Chuo Kikuu cha Nairobi kimeelekea barabara hiyo hiyo, na msikiti wa Jamia hauko mbali kwa mwenye kwenda kwa miguu. Mkopo wa shahada ya kwanza hutozwa asilimia 4 kwa mwaka. Kulipa huanza mwaka mmoja baada ya masomo kumalizika. Asiyelipa wakati ukifika hupigwa faini ya shilingi 5,000 kwa kila mwezi, na jina lake laweza kupelekwa kwa wale wanaoweka kumbukumbu za wadaiwa, ambako benki hutazama kabla ya kumkopesha mtu. Anayetaka kazi ya serikali huulizwa cheti cha kuonyesha kwamba hana kesi na bodi hiyo.

Mwaka 2023 ukaja mfumo mpya wa kugharimia vyuo, wenye sehemu tatu: ufadhili ambao haurudishwi, mkopo ambao hurudishwa, na mchango wa familia. Mahakama Kuu ilitamka mwezi wa Disemba 2024 kwamba mfumo huo unapingana na katiba, kisha Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi ule mwaka uliofuata, na mambo yakaendelea. Kwa mpango wa bendi tano uliotangazwa mwaka 2024, mwanafunzi wa bendi ya tatu, ambayo ndiyo ya katikati, hupewa ufadhili wa asilimia 50 ya gharama ya kozi, mkopo wa asilimia 30, na nyumbani kwao hutoa asilimia 20. Juu ya hayo kuna mkopo wa pili, wa kujikimu, ambao kwa bendi hiyo ni shilingi 50,000 kwa mwaka. Ada hupitiwa upya mara kwa mara, basi kila mzazi na aisome barua ya mwaka wake.

Tuchukue mfano, nao ni mfano tu, wa kozi ya shilingi 200,000 kwa mwaka. Mkopo wa ada utakuwa 60,000. Ongeza wa kujikimu 50,000, utapata 110,000. Zidisha kwa miaka minne: shilingi 440,000. Binti akianza kulipa 5,000 kila mwezi bila kukosa hata mwezi mmoja, na tukihesabu nyongeza tangu siku anayoanza kulipa, atamaliza baada ya miaka minane na miezi minane au zaidi kidogo, na atakuwa ametoa kiasi cha 81,000 zaidi ya alichokopa.

Sasa tuutazame mshahara. Kazi za ofisini za Nairobi zimehama kwa wingi kutoka katikati ya mji kwenda Upper Hill na Westlands, na aliyeajiriwa Westlands aghalabu hutafuta chumba upande wa magharibi, Kangemi au Uthiru, mahali ambapo kodi ni nafuu na matatu hupita Waiyaki Way. Tuseme kijana wetu ameajiriwa kama msaidizi katika idara ya wafanyakazi kwa shilingi 35,000. Akatwe asilimia 6 za NSSF, 2.75 za bima ya afya, 1.5 za nyumba, kisha kodi ya mapato. Kitakachofika mkononi ni kama 29,500. Tukadirie chumba 9,000, nauli 3,500, chakula na maji na umeme 9,000. Zimebaki 8,000. Akilipa HELB 5,000, amebakiwa na 3,000 ambazo ndani yake mna nguo, simu, dawa, na kile kidogo ambacho kila mtoto wa Pwani aliye bara hutarajiwa kukituma nyumbani. Twaomba wazazi waikumbuke hesabu hii wanapolalamika kwamba binti kasahau alikotoka.

Na hapo amepata kazi. Jambo la kuogofya katika deni hili ni saa yake zaidi kuliko ukubwa wake. Mwaka mmoja ukishapita saa huanza kugonga, awe ameajiriwa au yuko nyumbani. Asilimia 4 ya 440,000 ni shilingi 17,600 kwa mwaka. Faini ya 5,000 kila mwezi ni 60,000 kwa mwaka. Kwa hivyo mwenye kunyamaza huongezewa kwa faini zaidi ya mara tatu ya anachoongezewa kwa riba, na miaka miwili ya kujificha humpa deni ambalo hakulikopa. Tumesikia vijana wakisema wanangoja msamaha. Ni kweli bodi imepata kutangaza msamaha wa faini kwa anayelipa deni lake lote kwa mkupuo, lakini asiyekuwa na 5,000 ataitoa wapi laki nne kwa siku moja? Aliyekosa kazi na aende aeleze hali yake, na alipe chochote anachopata, hata kwa M-Pesa. Kukimbia hakumfai kitu.

Kazi yenyewe je? Tusiwadanganye watoto wetu, wala tusiwavunje moyo. Idara ya rasilimali watu ni ndogo kwa tabia yake. Kiwanda chenye wafanyakazi mia mbili hutosheka na watu wawili watatu wa kusimamia mikataba, likizo, mishahara na nidhamu. Nafasi si nyingi kama za mauzo au za ualimu. Na shahada peke yake haitoshi, kwani kuna sheria ya mwaka 2012 inayowahusu wanataaluma hawa, inayotaka mtu asajiliwe na taasisi yao, IHRM, na awe na cheti cha kutenda kazi. Kisha kuna mtihani wa kitaaluma, CHRP, wenye ada zake. Mzazi anayepiga hesabu ya miaka minne akaishia hapo hajafika mwisho wa hesabu. Kwa upande wa pili, sheria za kazi za mwaka 2007 zimewafanya waajiri wahitaji mtu anayejua taratibu, maana kumfukuza mtu bila kufuata sheria humfikisha tajiri mahakamani. Aliyedumu miaka sita au saba na akapata cheti chake huwa ameshika nafasi ambayo si rahisi kuondolewa. Ugumu uko katika ile miaka ya mwanzo, nayo ndiyo miaka ambayo HELB hudai.

Na tuseme neno hapa, ingawa hatukuulizwa. Kazi hii yawafaa mabinti wenye dini. Ni amana. Anayeshika faili za watu hujua siri za mishahara yao, maradhi yao na makosa yao, na mama anayenyimwa likizo ya uzazi akimkuta Muislamu mwenye kumcha Mungu mbele yake atapata haki yake.

Turudi kwenye hukumu. Mafakihi wa madhehebu manne wamekubaliana kwamba qardh hurudishwa kwa mfano wake, na nyongeza yoyote iliyowekwa sharti ni riba, ikiwa ndogo au kubwa, akipokea tajiri au serikali. Wako wanaosema kwamba asilimia 4 ni ndogo kuliko kupanda kwa bei za vitu, na kwa hivyo bodi haipati faida yoyote, bali hujilinda. Hoja hii ina sura nzuri, lakini baraza la mafakihi la nchi za Kiislamu liliitazama lilipokutana Kuwait mwaka 1988 na likasema kwamba deni hulipwa kwa idadi ile ile iliyokopwa, wala halifungwi na kupanda kwa bei. Sisi twaifuata kauli hiyo. Nyongeza ya HELB ni riba.

Lakini kusema ni riba hakumalizi suali la mama aliyeuliza, kwa kuwa haramu nyingine hulegezwa kwa dharura, na wako wanazuoni wa zama zetu walioiweka haja kubwa ya watu wengi mahali pa dharura. Baraza la fatwa la Ulaya lilifanya hivyo mwaka 1999 katika nyumba za kuishi, na wanazuoni wengine wakalipinga. Sisi twaona hivi. Shahada ya rasilimali watu si dharura kwa dhati yake. Mtu huishi bila hiyo. Haja ipo, na hatuikatai, hasa kwa yatima na kwa nyumba ambayo binti ndiye tegemeo lake. Mwenye haja hiyo hafunguliwi mlango mpaka agonge milango mingine kwanza, nayo iko. Ufadhili wa serikali hauna riba ndani yake, na kuupokea hakuna ubaya. Basari za kaunti na za CDF zaombwa mapema, kabla fedha hazijaisha, na wazee wetu wengi huenda wakati zimekwisha kugawanywa. Upatu wa kina mama, unaonunua vyombo na kanga za harusi, waweza kulipa muhula mmoja. Jamaa mwenye uwezo na atoe qardh hasan. Na zaka ina fungu la wenye madeni, limetajwa katika Suratut Tawba, aya ya 60. Twashangaa kwamba misikiti yetu hugawa mchele kila Ramadhani, na si mingi inayouliza ni kijana gani wa mtaa anayeongezewa faini kila mwezi.

Kwa aliyekosa milango hiyo yote akalazimika, twamshauri jambo moja ambalo faida yake yaonekana kwa hesabu: auache mkopo wa kujikimu. Katika mfano wetu ule, mkopo huo peke yake ni 200,000 kwa miaka minne, karibu nusu ya deni. Akikaa kwa jamaa, South C au Eastleigh au kwa shangazi yake Kawangware, au akisoma hapa nyumbani katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa au Chuo Kikuu cha Pwani Kilifi, deni lake litakuwa 240,000. Kwa malipo yale yale ya 5,000, atamaliza kwa miaka minne na nusu badala ya kukaribia tisa, na nyongeza itashuka kutoka 81,000 hadi kiasi cha 22,000. Hii ni tafauti ya msichana anayekuwa huru akiwa na miaka ishirini na minane na yule anayedaiwa mpaka miaka thalathini na mitatu. Jamaa wa Nairobi nao wajue kwamba kumpa binti wa ndugu yao godoro na sahani ya wali kwa miaka minne ni sadaka na ni kuunga udugu, madamu nyumba ina sitara na mipaka ya wasio maharimu yalindwa.

Waislamu wa Kenya wamekwisha kuomba mara nyingi wapatiwe mkopo wa elimu usio na riba, na hawako peke yao. Uingereza serikali iliwauliza raia maoni yao mwaka 2014 juu ya mpango wa kusaidiana mfano wa takaful, ambao anayesomeshwa leo huchangia kumsomesha mwingine kesho. Sheria ya mwaka 2017 ikairuhusu serikali kuuanzisha, na wanafunzi Waislamu wa huko wamekaa miaka wakiungoja. Tangu mwaka 2008 tuna benki za Kiislamu hapa kwetu. Twaona ni aibu kuingoja serikali peke yake.

Ama mama mwenye bangili. Dhahabu yake ni mali yake, hakuna mume wala mtoto mwenye haki ya kumshurutisha aiuze. Tena gharama ya mtoto ni juu ya baba kwanza, kama ana uwezo. Tumewaona wanaume wanaojenga ghorofa ya pili huku mke akipeleka mkufu wake kwa sonara. Ikiwa baba hana, na mama ameridhika nafsi yake, basi bei ya dhahabu imepanda sana miaka hii na huenda bangili mbili zikafanya kazi ambayo zamani ingehitaji nne. Aamue tangu mwanzo: ni hiba au ni qardh? Akinuia qardh na aiandike na kuishuhudishia, kwani aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, imeshuka juu ya kuandika deni, wala haikumtoa mtoto na mamake. Akinuia hiba, na awatazame watoto wengine. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataa kuwa shahidi wa zawadi ambayo baba yake Nuuman bin Bashir alimpa mwanawe mmoja akawaacha wenzake. Wanazuoni wametafautisha zawadi na gharama ya haja, kwa hivyo kumlipia ada anayesoma si dhulma kwa asiyesoma. Lakini mdogo wake naye akifika chuo akute kitu.

Tumebakiwa na mama wa tatu, na posa. Anauliza kama ni lazima awaambie wachumba kwamba binti anadaiwa na HELB, akihofu watarudi nyuma.

Deni la mke ni la mke. Mume halibebi, hata akiwa tajiri, na mali ya mke haichanganyiki na ya mume kwa sababu ya ndoa. Mume juu yake ni mahari na nafaka. Kwa hivyo deni si aibu ya mwili wala si katika zile kasoro ambazo mafakihi wamezitaja kuwa zinavunja nikahi, na asiyelitaja hakubatilisha kitu. Hata hivyo sisi twamtaka alitaje, kwa sababu ambayo ni ya maisha zaidi kuliko ya vitabu. Mume akimtaka mkewe akae nyumbani, na wengi husema hivyo baada ya harusi na si kabla yake, mshahara utakatika na saa ya bodi haitasimama. Mke atakuwa ndani, faini itaongezeka kila mwezi, na siku barua itakapofika itakuwa ugomvi kati ya watu wawili ambao hakuna kati yao aliyekusudia ubaya. Basi kabla ya nikahi na lisemwe wazi mbele ya walii: deni ni kiasi fulani, hulipwa kiasi fulani kwa mwezi, na ima binti ataendelea na kazi mpaka aishe kulipa, ima mume amejitolea kulilipa kwa hiari yake, ima mahari yatafanya kazi hiyo. Hili la mwisho twalipenda. Mahari ni haki ya binti peke yake, na binti mwenye akili akiomba mahari ya fedha taslimu badala ya seti ya vyombo, akaenda akapunguza deni lake, hajakosa adabu.

Mchumba atakayerudi nyuma kwa kusikia hayo alikuwa na haki ya kusikia. Na mchumba naye aulizwe deni lake, kwa kuwa vijana wa kiume wamesoma kwa mikopo ile ile, na la mume ndilo litakaloigusa nafaka ya nyumba.

Mtume alipoletewa jeneza la mtu aliyekufa na deni la dinari mbili, alijizuia kumsalia mpaka Abu Qatada aliposema kwamba dinari hizo ziko juu yake. Na katika Suratun Nisaa mirathi haigawanywi ila baada ya wasia na deni. Kwa hivyo binti huyu, awe ameolewa au bado, na aandike katika wasia wake kiasi anachodaiwa na karatasi zake zilipo, na kila anapolipa abadilishe ile namba.

Wallahu aalam.